Miguu ya Bibi Marinda

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alisimama kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumbani na kutega sikio. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, lakini pale konani alinyamaza kama maji ya mtungini. Alikuwa akisikiliza cherehani ya bibi yake. Akiisikia, tra-tra-tra, alishusha pumzi na kukimbia. Ikichelewa kusikika, alianza kuhesabu.

Bibi alikuwa fundi wa sare za shule. Sketi zake zilikunjwa vizuri mno, hata mtaa mzima ukamwita Bibi Marinda. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na bado aliweza kutunga uzi kwenye sindano huku akisimulia vichekesho.

Hofu ya Chiriku ilianza na siri. Wiki tatu nyuma alimkuta bibi ameketi sakafuni bafuni, mgongo ukutani, uso umejaa jasho.

"Magoti yamenichezea shere kidogo tu," bibi alisema. "Usimwambie mama yako. Atanikataza kushona, na nisiposhona nitafanya nini? Nihesabu mijusi darini?"

"Sitasema, Bibi."

Tangu hapo Chiriku hakumwacha bibi anyanyue hata kijiko. "Keti, Bibi, nitaleta mimi." Aliteka maji, akabeba majora ya vitambaa, akaokota mkasi ukianguka. Alfajiri, kabla ya shule, alimpangia kila kitu karibu na kiti ili asiwe na sababu ya kuinuka. Mama yake, ambaye alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na kurudi jioni, alifurahi sana. "Unamtunza bibi yako kama mboni ya jicho," alisema. Chiriku alitabasamu, lakini ile siri ilimlemea.

Maana bibi hakuwa akipata nafuu. Ili asimame alijisukuma mbele mara moja, mara mbili, mara tatu, kisha akaing'ang'ania meza mpaka ikalia. "Mimi na kiti hiki tumeoana," alitania. "Hakitaki kunipa talaka." Chiriku alicheka kwa meno tu. Alikwisha kuona jinsi mapaja ya bibi yalivyokonda. Siku moja alimwona amesimama mlangoni, akiangalia vidaraja vitatu vya kushukia uani kama mtu anayechungulia kisima. Bibi aligeuka taratibu akarudi ndani.

"Jua kali," alisema.

Nje kulikuwa na mawingu tele.

Alhamisi moja, pale konani, hapakusikika kitu. Chiriku alihesabu hadi ishirini. Kimya. Alihesabu tena. Kimya. Alikimbia, na kabla hajagusa mlango akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

"Bibi!"

"Niko huku! Chomoa pasi kwanza!"

Pasi ya umeme ilikuwa imelala kifudifudi kwenye kitambaa cha sare, na moshi ulikuwa ukipanda. Chiriku alichomoa waya, akakivuta kitambaa na kukitumbukiza ndooni. Ndipo alipoiona miguu ya bibi. Alikuwa amelala kati ya meza na ukuta, midomo imekauka.

Bibi alikuwa ameinuka kupiga pasi asubuhi, magoti yakakunjika. Alijaribu kuinuka mara nyingi, akashindwa. Mara ya mwisho alikivuta kitambaa ili apate pa kushika, na pasi ikaanguka juu ya kitambaa hicho. Tangu hapo alilala akiutazama moshi, asiweze kuufikia waya.

Chiriku alijaribu kumnyanyua, wapi! Alikwenda mbio kumwita seremala jirani, naye akaja kumwinua bibi na kumweka kitini. Seremala alipoondoka, bibi alimshika mjukuu wake mkono.

"Tutasema niliteleza kwenye maji. Umesikia?"

Sakafu ilikuwa kavu kabisa.

Mama aliporudi, alikitazama kitambaa kilichoungua, kisha akawatazama wao. "Kumetokea nini hapa?"

"Niliteleza," bibi alisema.

Mama alimgeukia binti yake. Chiriku alikumbuka alichoambiwa na bibi. Lakini aliuona tena ule moshi mbele ya macho yake.

"Hakuteleza, Mama. Miguu yake haina nguvu. Hii ni mara ya pili, na mimi nilijua."

Bibi aligeukia ukutani. Hakusema neno tena siku ile, na Chiriku aliona heri angechapwa.

Kesho yake walikwenda hospitali. Picha zilionyesha kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Daktari alimpima bibi moyo na presha, kisha akawapeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito.

"Mama yangu, simama bila kushika kitu."

Bibi alijaribu. Akajaribu tena. Akarudi kitini kama gunia.

"Hapo ndipo penye hatari," alisema mtaalamu, aliyekwisha kusimuliwa habari ya pasi. "Siku nyingine huenda asitokee mtu wa kuchomoa pasi."

"Ni uzee tu," bibi alinong'ona.

"Uzee una sehemu yake. Lakini nyumbani nani hubeba maji?"

"Mimi!" Chiriku alijibu kwa fahari.

"Na vitambaa?"

"Mimi."

"Kitu kikianguka?"

"Mimi pia," Chiriku alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Mtaalamu hakumkaripia. "Umefanya kwa upendo, mwanangu. Lakini msuli usiotumika hunyauka. Habari njema ni kwamba ukipewa kazi huanza kurudi, hata kwa mtu wa miaka themanini."

"Mazoezi ni ya askari," bibi alinung'unika. Hata hivyo alikubali. Ule moshi ulikuwa umemtisha kuliko alivyotaka kukiri.

Wakaanza, siku tatu kwa wiki, na kupumzika siku za katikati. Kiti kiliegemezwa ukutani na kuongezwa mto ili kiwe juu. Bibi alisimama na kuketi mara tano. Kisha alishika meza na kujiinua kwa ncha za vidole vya miguu. Kisha akanyanyua chupa mbili zilizotiwa maji nusu. Mama aliongeza mayai na maharagwe kwenye sahani yake.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya Chiriku: kusimama karibu na kutosaidia. Miguu ya bibi ilitetemeka, na mikono ya Chiriku ikaruka yenyewe. "Mikono nyuma!" bibi aliamuru. Wiki ya tatu miguu iligoma kabisa. Bibi aliangukia kiti kwa kishindo, akalia machozi. Chiriku alidhani yote yamekwisha. Bibi alijifuta uso kwa kiganja.

"Bado mara mbili," alisema, akasimama.

Chupa zikajazwa. Mto ukaondolewa. Mtaalamu akamfundisha namna ya kujiinua kutoka sakafuni.

Mwezi wa nne wa mazoezi, bibi alikwenda shuleni kwa miguu yake kuwapima sare wanafunzi wa kwaya. Chiriku alimwona kupitia dirisha la darasa. Mara mwanafunzi mmoja alitokea mbio kwenye kona, akamgonga, na bibi akaanguka. Wanakwaya waliokuwa wakimngoja kwenye mabenchi ya barazani waliinuka. Mwalimu alikimbilia kumnyanyua.

"Ngojeni," bibi alisema.

Chiriku alikuwa amefika mlangoni pa darasa. Alitaka kumkimbilia, lakini aliweka mikono nyuma. Bibi alijigeuza ubavu. Akajisukuma kwa viganja hadi akapiga magoti. Akakaribia benchi, akaweka mguu mmoja mbele, akasukuma. Mguu ulitetemeka. Ukatetemeka tena. Kisha ukakazana, na bibi akasimama wima.

"Haya," alisema, akikung'uta nguo. "Nani wa kwanza kupimwa?"

Jioni walirudi pamoja polepole, Chiriku amebeba mfuko wa vitambaa.

"Siku ile ulipomwambia mama yako, nilikununia," bibi alisema. "Nilikosa. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha, na nusura niungue na nyumba. Ukweli wako ndio ulioniponya, mjukuu wangu. Na jambo la pili ulishike vilevile: mzee hatunzwi kwa kunyang'anywa kila kazi. Mwili usio na kazi huaga mapema."

Kisha akanyoosha mkono. "Lete huo mfuko wa vitambaa."

"Ni mzito, Bibi."

"Ndiyo maana nautaka."

Chiriku akampa.