Jezi Mbichi ya Kiungo

Kila jioni baada ya masomo, wasichana wa timu walikusanyika katika chumba cha kubadilishia nguo nyuma ya uwanja, wakabishana. Kocha wao alitaka hivyo. Ukutani alikuwa amepigilia misumari kwa mpangilio wa wachezaji uwanjani, kuanzia kipa hadi mshambuliaji, na jezi haikutundikwa mpaka kila mtu awe amesema lake.

Wiki ile ubishi ulikuwa juu ya kiungo wa kati. Nahodha, ambaye kwa mbio zake walimwita Spidi, alimpigania mdogo wake kufa na kupona. Wengine walimtaka Mashoto, msichana aliyehamia mtaani juzijuzi, kwa kuwa pasi zake zilifika. Kocha akaamua Mashoto ajaribiwe kwanza, akamwagiza Spidi amwambie mazoezi ni jioni.

Spidi akamwambia ni alfajiri. Achukue jezi ya msumari wa kati, aanze peke yake, wenzake watamkuta. Kwa kocha akarudi na jibu kwamba mgeni hana nia, na nafasi ya kati akapewa mdogo wake. Aliamini Mashoto angekuta uwanja mtupu mara moja tu, akate tamaa.

Kisha mambo ya ajabu yakaanza. Kila asubuhi walipopita kufungua chumba kabla ya masomo, walikuta jezi ya kati mbichi, ikichuruzika maji, na zingine zote kavu. Mpira ulikuwa na tope. Uwanjani kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, zikienda na kurudi, kana kwamba alicheza na watu wasioacha alama. Kipa, mcheshi wao, alisema labda jezi inatokwa jasho kwa kuogopa mechi, lakini hakuna aliyecheka.

Mdogo wake Spidi aligoma kuivaa. Hata chakula kilimshinda.

"Dada, mimi sichezi tena," alisema. "Hiyo nafasi ina mwenyewe."

Maneno hayo yalimchoma Spidi. Alfajiri iliyofuata akajikaza, akaenda kujionea.

Ukungu ulikuwa umeufunika uwanja wote. Ndani yake alisikia mpira ukidunda, kisha sauti ikiwaita wenzake mmoja mmoja, watu aliojua fika kuwa bado wamelala kwao.

"Kipa, tulia. Spidi, kimbia, nakupa."

Nywele zilimsimama. Mpira ukatoka ukunguni, ukaja polepole mpaka mguuni pake. Nyuma yake akatokea Mashoto, jezi imemganda mwilini kwa jasho.

"Kumbe leo mmekuja," akasema kwa furaha. "Wengine wako wapi? Nimekuwa najizoeza nanyi hivihivi, kwa kuwaita tu. Nikimaliza naifua jezi, naitundika."

Spidi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni alisimama mbele ya timu nzima akasema yote, mdogo wake akisikia. Aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake. Kocha akampa Mashoto nafasi ya kati.

"Kiungo hupokea mpira kwa huyu akamfikishia yule," akamwambia Spidi. "Mimi nilikupa neno umfikishie mwenzako, ukaligeuza njiani. Mwongo hata akiwa na mbio vipi, timu haiwezi kumwachia mpira."

Spidi akavua kitambaa cha unahodha kabla hajaambiwa.