Macho Hayapakwi Manjano

Kila alasiri akirudi kutoka shuleni, Thuwaiba alivua sare, akala, kisha akakaa penye kinu kumtwangia bibi yake manjano. Mama yake, Mwatum, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na hapo Kigombe mzazi husingwa: hupakwa manjano na liwa mwili mzima mpaka nyumba yote inanukia. Bibi Semeni hakuwa na mchezo katika jambo hilo. Dirisha la chumba cha mzazi alilitundikia kanga mbili, moja juu ya nyingine, akatoa amri: mpaka arobaini ifike, mtoto asipigwe na mwanga wala upepo.

Thuwaiba alikuwa na miaka kumi na miwili na udadisi wa watu kumi. Siku ya tatu, Mama alipokwenda kuoga, aliingia chumbani akafunua kanga ili amwone vizuri mdogo wake. Uso wa mtoto ulikuwa wa manjano. Hilo halikumshangaza, kwani mle ndani hata mto na shuka vilikuwa vya manjano. Kisha mtoto akafumbua macho, na Thuwaiba akashtuka nusura apige kelele. Weupe wa macho nao ulikuwa wa manjano! Alirudisha kanga akatoka mbio. Angesema, Bibi angeuliza ameonaje gizani. Akanyamaza.

Kesho yake, akitwanga manjano mlangoni pa chumba, alimsikia Mama akimlalamikia Bibi.

"Mama, mtoto hanyonyi. Namwamsha, analala tu. Na hii rangi?"

"Manjano yako hayo yamemshika," Bibi alijibu. "Si unampakata na singo mwilini? Yatatoka akioga."

Mchi ulimponyoka Thuwaiba mkononi.

"Bibi, nisamehe. Jana nilifunua dirisha."

"Ulifanya nini?"

"Nilifunua kanga, nikaona macho yake. Ni ya manjano, Bibi! Nani kampaka manjano machoni?"

Bibi hakungoja kumgombeza. Alikwenda mwenyewe akazivuta kanga zote mbili, akamfunua mtoto jicho kwa kidole.

"Lahaula!" alisema, akakaa chini kwa kishindo. Kisha akainuka upesi. "Mwatum, jitande. Twende hospitali sote."

Huko Tanga mjini, muuguzi Ritha alimtoboa mtoto kisigino akachukua damu. Majibu yalipotoka, mambo yalikwenda haraka mno. Mtoto alivuliwa nguo, akabakizwa nepi, akafungwa kitambaa machoni na kulazwa chini ya taa kali za buluu.

"Wanamchoma!" Thuwaiba alilia.

"Hachomwi, mwanangu," Ritha alisema. "Damu ya mtoto mchanga hutoa uchafu wa manjano, na ini lake bado changa, haliwahi kuuondoa. Ukizidi, unapanda kwenye ubongo. Anaweza kuwa kiziwi, hata kufa. Mwanga huu unauvunja ili autoe kwa mkojo na choo."

Bibi Semeni alinywea. "Basi ni mimi niliyemtia ugonjwa kwa giza langu!"

"Hapana, Bibi. Giza halikumletea ugonjwa, lilituficha dalili tu. Na wala msije mkamwanika juani mkadhani ndiyo tiba. Mkiona manjano machoni, mleteni hapa."

Thuwaiba aliuliza kwa sauti ndogo, "Ningesema jana?"

Ritha alimtazama. "Tungeanza jana."

Usiku ule Thuwaiba hakulala. Alitubu kimoyomoyo, akiogopa kwamba kimya chake kingemuua mdogo wake.

Siku ya tatu hospitalini mtoto alilia kwa nguvu, akanyonya mpaka akacheua. Macho yake yalikuwa meupe. Mama alicheka huku machozi yakimtoka.

Walipofika nyumbani, Bibi alizikunja zile kanga akaziweka sandukuni. Kisha akamshika Thuwaiba sikio, akalivuta kidogo tu.

"Hili ni la dirisha," alisema. "Na sasa nisikilize. Ukiona jambo la hatari, sema, hata kama kosa lako litajulikana. Kofi langu lingepoa kabla ya magharibi. Huyu je, tungempata wapi mwingine?"