Nani Alizirudisha Mbao?

Eleuterio Xicale alikutwa amelala kifudifudi mbele ya tanuri lake la mikate, mjini Cholula, unga umegandia kwenye nywele zilizolowa damu. Nje wateja walikuwa tayari wamepanga foleni.

Inspekta Zenaida Cuautle alikuwa akinunua mikate hapo tangu utotoni. Daktari wa polisi alimwambia marehemu alipigwa nyundo kisogoni, mara moja tu, yapata saa kumi na moja alfajiri. Nyundo yenyewe haikuonekana.

Hermelinda, dada wa marehemu, ndiye aliyewapigia polisi simu. Mjane alilia akisema mumewe hakuwa na adui. Tena jana alishinda akiimba. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba hata biashara kubwa kidogo sasa zitahesabiwa ndogo, zitozwe kodi nafuu.

Inspekta akautazama ukuta wa mbao uliokata chumba katikati. Mji mzima uliijua siri yake na kuicheka. Miaka kumi na mmoja iliyopita, biashara ilipozidi kiwango cha nafuu, Eleuterio aliigawa kwa mbao, nusu akaiandikisha kwa jina la Hermelinda. Tanuri moja, biashara mbili ndogo. Sasa ukuta haukuwa na kazi.

Aliukagua kwa kurunzi. Mbao tatu zilikuwa na misumari mipya, na nyuma ya ubao mmoja kati ya hizo kulikuwa na damu. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Kaka yako alikuwa anaubomoa," alimwambia Hermelinda. "Aliyemuua akazirudisha mbao. Mwizi hana muda wa kupigilia misumari, na upande wa pili una jina lako. Nyundo iko wapi, mama?"

"Kwenye pipa la unga. La upande wangu."

 Mwanamke huyu ndiye aliyempa Inspekta mkate wa bure siku ya komunyo yake ya kwanza.

"Umemuua kwa ajili ya mbao tatu?"

"Nilimsihi aache. Akacheka, akasema lile lilikuwa jina tu, la kuwafumba macho watu wa kodi. Jina tu, afande. Miaka kumi na mmoja naamka saa tisa usiku, nakanda, naoka. Kabla ya hapo nilikuwa kijakazi wa kaka yangu. Akaniambia kuanzia leo narudi kule kule."

"Lakini alikuwa ameshakufa. Mbao ulizirudisha za nini?"

Hermelinda alimshangaa, kana kwamba swali lenyewe halikuwa na maana.

"Kulikuwa kunakucha," alisema. "Nilitaka kufungua duka langu."