Chumba Kisichoingia Vumbi

Mutie alinunua nyumba akiwa na miaka ishirini na minne, na watu wa mji wa Sultan Hamud wakashangaa. Vijana wenzake walikuwa bado wanakunywa mshahara. Baba yake, kule kijijini Tulia, alishangaa kuliko wote.

"Nyumba hujengwa nyumbani," mzee alimwambia. "Sasa wewe unanunua ya mtu, tena kando ya barabara?"

"Baba, kazi yangu iko huku. Na hiyo nyumba iko na vyumba nne. Sisi tutalala kimoja, hizo zingine zitatusaidia kulipa deni."

Na ndivyo walivyofanya. Mutie, aliyekuwa fundi wa ujenzi, alijibana na mkewe Mutindi katika chumba kimoja, kitanda huku, sufuria huku. Vile vingine walivipangisha. Kimoja alikichukua Kalondu, mama aliyeuza uji penye steji ya magari. Alikuwa na mtoto mmoja, Kisilu, wa miaka mitatu.

Mutie hakutaka kuwa kama wale wenye nyumba wanaoonekana mwisho wa mwezi tu, tena wamenuna. Kwa hiyo Kalondu alipolalamika, alimsikiliza.

"Malori zikipita, vumbi inaingia kwa hayo matundu ya juu," Kalondu alisema. "Nafunika uji ya mtoto na bado inakuwa mchanga. Na baridi inapita hapo hapo."

Matundu yenyewe yalikuwa juu ya dirisha, chini ya mabati. Mutie alichanganya saruji akayaziba, ya chumba cha Kalondu na ya vyumba vingine vyote. Wapangaji walimsifu sana. Hata Mutindi alijivuna kidogo alipokwenda kuteka maji mferejini.

Julai ikaja na baridi yake. Asubuhi moja Kalondu alimwambia Mutie kwamba kichwa kinamgonga.

"Nikiamka kinauma sana. Nikikaa huku nje kidogo, kinaisha."

"Ni hiyo kazi ya kuinama, Mama Kisilu," Mutie alisema. "Jumapili upumzike."

Jumapili ilifika, na Kalondu hakutoka chumbani. Mutindi, Biblia mkononi, alibisha ili waende kanisani pamoja. Kimya. Alibisha tena, akamwita mumewe. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mutie aliita kwa sauti, kisha akaupiga mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka.

Kalondu alikuwa sakafuni, nusu ya njia kati ya kitanda na mlango. Kisilu alikuwa kitandani, hatikisiki. Katikati ya chumba kulikuwa na jiko la makaa, jivu jeupe na wekundu kidogo chini yake. Hapakuwa na moshi wala harufu yoyote. Chumba kilikuwa safi kabisa.

"Wamekula sumu," jirani mmoja alisema. "Leteni maziwa."

"Acha maziwa." Aliyesema hivyo alikuwa Waithera, muuguzi wa zahanati, aliyeishi nyumba ya pili. "Watoeni nje kwanza, wapate hewa. Mtu amezimia hapewi kitu kwa mdomo, kitamsonga."

Waliwatoa uani. Waithera aliwalaza kwa ubavu, akainamia midomo yao. Walikuwa wanapumua, lakini kidogo sana. Njogu mwenye duka alileta pikapu yake, na Waithera akapanda nao nyuma kwenda hospitali.

Mutie alibaki uani. Alikaa chini palepale, na nguo zake za kanisani. Siku nzima hakula, na Mutindi hakumwambia ale.

Waithera alirudi jioni. "Wameamka wote wawili," alisema. "Wamewekewa hewa safi ya mtungi."

"Lakini ni nini, sista?" Mutie aliuliza. "Makaa ilikuwa imewaka vizuri. Hata haikuwa na moshi."

"Makaa ikiwaka inatoa hewa ya sumu. Huioni, huinusi. Unalala tu, na pengine huamki. Kichwa kuuma ndani na kupona ukitoka nje, hiyo ni dalili." Aliingia chumbani akatazama juu. "Hapa palikuwa na matundu. Nani aliziba?"

"Ni mimi," Mutie alisema. "Kalondu alisumbuliwa na vumbi. Nilitaka kumsaidia."

Waithera hakumgombeza. "Basi fungua. Lakini hata ukifungua, jiko lisilale na watu. Baridi ni ya blanketi."

Mutie alichukua nyundo na tindo. Hakulala mpaka matundu yote yalipokuwa wazi. Wiki hiyo alijenga kibanda cha mabati uani, kuta zake hazikufika juu. Wapangaji wote wakaanza kupika humo, na majiko yakalala humo. Mutindi alipeleka blanketi mbili chumbani kwa Kalondu kabla mama huyo hajatoka hospitali.

Agosti alikuja mpangaji mpya, kijana wa karakana. Hakumaliza siku tatu kabla ya kulalamika.

"Mwenye nyumba, hii vumbi imezidi. Si uzibe hayo matundu?"

Mutie alifungua mdomo, lakini Kalondu alimtangulia.

"Vumbi unafagia, kijana. Mimi nafagia kila asubuhi, na huyu ananisaidia."

Alimnyooshea kidole Kisilu, aliyekuwa mlangoni na ufagio mrefu kuliko yeye, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.