Inspekta na Programu Iliyosahau

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Inspekta mwenyewe. Tuseme mapema, yaishe. Jina hilo msichana huyu alipewa nyumbani, kwa kuwa hata chumvi ikizidi kwenye mboga, yeye hutafuta mshukiwa.

Wakati wa likizo alimsaidia mama yake kwenye duka la kuchapisha. Kompyuta ya duka ilitumia mfumo wa Linux, na ndani yake programu moja ilifanya kazi chinichini bila kuonekana, ikipokea mafaili ya wateja. Diski ndogo ilipojaa, mama alimwagiza aielekeze programu hiyo ihifadhi mafaili kwenye diski kubwa. Inspekta akaisimamisha, kisha akaiwasha kwa kuandika amri na kuiongezea maneno ya kutaja diski kubwa. Ikatii. Usiku akaizima kompyuta, akalala akijiona bingwa.

Kesho yake mafaili yote yalikataliwa, wateja wakaanza kunung'unika. Programu ilikuwa imerudi kwenye diski ndogo.

Inspekta akamkazia macho binamu yake, aliyefungua duka asubuhi. Kiti kilikuwa kimesogezwa. Kibodi ilikuwa na makombo ya mkate. Na binamu mwenyewe macho mekundu, kimya kama aliyemeza ufunguo. Akamnong'oneza mama kwamba mharibifu si mwingine. Mama akasema ikiwa ni kweli, kijana hatagusa mashine tena. Naye alikuwa akijifunza kazi hapo, hana pengine.

"Nimebonyeza kitufe cha kuwashia tu, shangazi," binamu alisema.

Mama hakubishana. Alimtaka Inspekta arudie kazi yake yote, kisha akaizima kompyuta na kuiwasha, wote watatu wamefumbata mikono. Diski ndogo tena.

"Haya, nani kaigusa sasa?" mama aliuliza.

Inspekta akatafuta mshukiwa hadi darini.

Mama akaeleza kwamba amri iliyoandikwa kwa mkono, programu huisikia mara ile tu. Mashine ikiwashwa upya, huiamsha yenyewe kwa kufuata faili la mipangilio. Wakayaandika yale maneno humo, wakawasha upya. Diski kubwa! Wateja wakahudumiwa.

"Kabla hujamshuku mtu, kagua kwanza kazi ya mikono yako," mama alisema.

Inspekta akaomba radhi, ila shingo upande. "Lakini mama, mtazame. Ana sura ya mkosaji."

"Ana sura ya mtu aliyeamka alfajiri kufungua duka," mama alijibu, "na zamu ilikuwa yako."