Filimu Aliyotufasiria Révérien

Weye unayesoma, usijifanye ulikuwa shambani leo mchana. Ulikuwa kwenye benchi, shingo umeinyoosha, na mtu wa nyuma yako alipovutwa uliguna tu kwa sababu alikukanyaga. Keti usikie kilichotokea mbele ya macho yako.

Pudentienne alitoka Runingu asubuhi kwa miguu pamoja na Sévère, kaka yake. Mchumba wake, Mwalimu Révérien, ndiye mfasiri wa sinema kwenye ukumbi wa Uvira: filimu inasema Kifaransa, yeye anasimama kando ya kitambaa na fimbo yake, anaisema kwa Kiswahili. Alikuwa amemwandikia: «Njoo Jumapili. Hii ni ya mapenzi, utalia. Mulete na Sévère, tupatane mbele ya harusi.»

Saa tisa mchana, madirisha yakazibwa kwa mablanketi, filimu ikaanza. Upuuzi mtupu. Mwanamke alifungua kabati, ndani mna ziwa. Farasi mwenye kofia akatoka ziwani, akalia machozi, na mwanamke akageuka ngazi. Kisha nyumba ikapiga chafya.

— Mwalimu, bwana arusi ni nani? mama mmoja akauliza.

— Ni ile ngazi, Mama. Ngojea kidogo.

— Ngazi si ndiyo bibi arusi?

Watu wakacheka. Wengine wakaanza kuinuka.

— Muketi, Révérien akasema haraka. Musigeuke nyuma. Utamu uko huku mbele.

Alisema hivyo mara tatu. Pudentienne alikuwa amemsikia akifasiri filimu nyingi, lakini hakuwahi kumsikia akiwaamuru watu mahali pa kutazama.

Mablanketi yaliposhushwa, benchi la nyuma lilikuwa tupu. Vijana tisa hawapo, Sévère mmoja wao. Nje, kamio, lile lori la askari, ilikuwa inaingia kwenye kambi yao.

Pudentienne alimkuta Révérien anakunja kitambaa.

— Sévère iko wapi?

— Minye nilikuwa mbele, Puda. Nilikuwa naangalia filimu.

— Sisi ndio tulikuwa tunaangalia filimu. Weye ulikuwa unaangalia watu.

Révérien akakikunjua kitambaa, akaanza kukikunja upya.

— Komanda wa kambi alisema ni maswali tu. Banasema vijana wa Runingu banapelekea waasi chakula.

— Na ukaniandikia nimulete.

— Ningekataa, wangenikamata minye. Na harusi yetu je?

— Ile filimu, uliielewa?

— Hakuna muntu anaielewa. Ndiyo sababu waliichagua. Muntu asiyeelewa haondoi macho pale mbele.

Pudentienne akamtazama kama mtu aliyekuta nzi ndani ya mchuzi na bakuli limekwisha. Akatema mate chini.

— Twende kwenye geti la kambi. Useme kwa Kifaransa kwamba ni weye ulimuita, kwa barua.

— Watanipiga, Puda.

— Basi Jumamosi ya harusi usifike kwetu. Lile jembe la uchumba mulilotuletea, baba atalirudisha kwa mama yako, atafute mwingine wa kulipokea.

— Nakupenda, Puda. Mungu anajua.

— Hiyo nayo uifasiri, Mwalimu. Sikuelewa.

Akaondoka, barua mkononi. Révérien alibaki na kitambaa chake.

Getini askari wa zamu aliisoma ile barua mara mbili. Akasema hana majina ya waliokamatwa, amepewa idadi tu. Atakayetajwa na mtu wake atabaki Uvira, aulizwe hapa. Asiyetajwa atapanda kamio ya Bukavu kesho alfajiri, na waliopanda mwezi uliopita hakuna aliyewaona tena.

Pudentienne akamtaja Sévère. Hata sasa ameketi pale getini. Émérance amekuja akamtaja mwanawe, Libérate akamtaja mumewe. Watatu. Wale sita wengine, wanawake hawa hawawajui.

Weye unawajua. Unawajua kwa majina na kwa mama zao, umenywa nao. Weka karatasi hii chini, nenda getini sasa hivi, uwataje wote sita kwa sauti, na usitoke pale mpaka uone wameandikwa.