Pasipoti Iliyoungua Siku ya Sabato

Jumamosi, Agosti 16, 1969, saa saba na nusu mchana, familia ya Mzee Mogaka ilirudi kutoka kanisani Sironga ikakuta sanduku la bati la Obadiah, mwanawe aliyekuwa akienda kusoma Amerika, liko wazi. Sweta ilikuwepo. Koti zito la kuvalia Amerika, zawadi ya mwalimu wake, lilikuwepo. Pasipoti haikuwepo. Alikuwa ameingoja miezi mitano, na ndege yake ilikuwa ya Jumanne.

Saa tisa kasorobo Sajini Cleophas wa kituo cha polisi cha Nyamira, aliyeitwa na Mogaka, aliegemeza baiskeli ukutani. Alipita sebuleni, akasikia harufu ya kuungua, akaingia jikoni, akachakura meko kwa kijiti. Jivu lilikuwa na joto. Akatoa kona ya jalada la bluu, iliyoungua.

Obadiah alipoiona aliketi chini palepale.

"Huyo ni Ratemo!" Mogaka akafoka. "Walifanya mtihani wa kwenda Amerika pamoja, yeye akakosa nafasi. Na leo kanisani hakuonekana."

Ratemo, kijana wa boma la jirani, aliletwa sigara ikiwa nyuma ya sikio.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala, afande."

"Mchana?"

"Kukosa Amerika kunachosha."

"Una kiberiti?"

Ratemo akakitoa mfukoni. Cleophas alikitikisa, akakirudisha. "Nenda ukalale tena."

"Unamwachilia?" Mogaka aliuliza.

"Mzee, mimi ni Mkatoliki, nifundishe. Siku ya Sabato hapa mnapika?"

"Hata kidogo! Tunapika Ijumaa. Kabla jua halijazama moto unazimwa. Kiberiti hakiguswi mpaka Jumamosi jua lizame."

"Basi tazama." Cleophas alifukua zaidi. Chini ya jivu makaa mekundu yalifumbua macho. "Haya yalifukiwa jana ili yatumike leo. Ratemo anatembea na kiberiti, makaa ya nini kwake? Aliyefanya hivi alipanga tangu jana, na aliogopa kuwasha kiberiti siku ya Sabato. Ni Msabato, tena wa kweli. Jana nani alizima moto?"

Wote walimgeukia Gesare, dada yake Obadiah, wa miaka kumi na minane, akiwa bado na gauni jeupe la kanisani.

"Asubuhi ulikuwa wapi, dada?"

"Nilifundisha darasa la watoto, nje ya kanisa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa tano."

"Ibada iliisha saa saba. Katikati hapo?"

Gesare alitazama meko. "Hapa."

"Kiberiti umeogopa, pasipoti hukuogopa?"

"Kuwasha moto ni dhambi, afande. Huu sikuuwasha mimi leo."

Cleophas alitaka kucheka, lakini akamuuliza kwa nini.

"Tata, baba yangu huyu, ameniposesha kwa mzee wa Keroka," Gesare alisema. "Ana wake watatu. Mjukuu wake nilisoma naye darasa moja. Ng'ombe wa mahari yangu ndio tiketi ya Obadiah. Nikasema, bila pasipoti hakuna safari, na bila safari ng'ombe watarudishwa kwao."

"Watarudishwa kutoka wapi?" baba yake akamuuliza. "Niliwauza Alhamisi. Wamechinjwa."

Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Obadiah alizungumza bila kuinua kichwa. "Chuo kinafunguliwa baada ya wiki tatu. Nafasi yangu atapewa mwingine."

Cleophas alifungua daftari. "Kuchoma pasipoti ni kosa. Lakini mlalamikaji ni wewe, Mzee. Nimwandike?"

Gesare akanyoosha mikono yote miwili. "Niandike, afande. Unifunge hata miaka mitatu."

Mogaka alimtazama binti yake, kisha akatazama njia ya Keroka.

"Sina malalamiko," alisema. "Kesho wanakuja kumchukua. Akienda jela, nitawarudishia ng'ombe gani?"

Cleophas alimgeukia Obadiah, mwenye pasipoti, akangoja. Obadiah akageuzia uso ukutani.

Daftari lilifungwa saa kumi na dakika tano. Gesare alikuwa bado amenyoosha mikono.